Oili inapata fremu na sakafu, beseni linapata nusu: nifunge bomba la koki?

*"Nina jenereta ndogo ya petroli, pampu ya maji ya injini na mashine ya kukata nyasi ya kusukuma. Kubadilisha oili kumekuwa adhabu. Nati ya kumwagia kwenye jenereta imebanana na fremu; nikiifungua, oili inafuata chuma, inalowesha miguu yake ya mpira, inashuka sakafuni, na beseni linapata nusu tu. Mashine ya nyasi hata sijaona nati yake ilipo. Nimefikiria kufunga bomba la chuma lenye koki ili niwe nafungulia tu kama maji. Rafiki yangu anavuta kwa sirinji kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Fundi wangu anasema yote hayo ni kujisumbua, injini ndogo unaongeza oili ikipungua basi, na oili ikiwa nyeusi ujue inafanya kazi. Nimfuate nani? Na bomba la koki lina madhara?"*

Ndugu yangu, nimesoma swali lako nikatabasamu, maana hiyo oili inayokimbilia fremu badala ya beseni naijua. Mtu anaweza kuwa na spana sahihi na oili sahihi, akaishia kusugua sakafu saa nzima. Ukichuja maneno yako, unauliza mambo matatu: kazi hii ina ulazima? Kama ina, njia ipi haichafui? Na hilo bomba unalolitamani litakudhuru? Nianze na la fundi wako, kwa sababu akiwa sahihi yeye, mengine yote tunayafunga hapa.

Hayuko sahihi. Kuongeza oili si kubadilisha, na kwenye injini ndogo tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwenye gari.

Injini ya gari ina pampu inayosukuma oili, na ina filta inayokamata uchafu. Injini nyingi ndogo za silinda moja za mipigo minne (aina isiyochanganya oili na petroli) kama zako hazina hata kimoja. Zina kijiko. Chini ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka) kumetokeza kipande kidogo cha chuma mfano wa ncha ya kijiko cha chai. Krenki ikizunguka, kijiko hicho kinaichapa oili iliyotuama chini, nayo inaruka kama maji ya dimbwi yanapopitiwa na gurudumu, inalowesha silinda, beringi na kamshafti. Jenereta ya kawaida ya umeme wa hezi 50, isiyo ya inveta (ile inayobadili kasi kulingana na mzigo), huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Hiyo ni michapo 50 kila sekunde. Mashine yako ya nyasi, ambayo krenki yake imesimama wima, huenda inatumia gia yenye vijipanga badala ya kijiko, lakini kazi ni ileile ya kurusha.

Sasa fikiria kinachorushwa. Masizi yanayopenya kwenye ringi za pistoni, petroli isiyoungua, unyevu, na unga wa chuma unaosagika polepole. Bila filta, vyote vinabaki humo humo na vinarushwa pamoja na oili kwenye beringi. Na oili yenyewe ni kidogo sana. Honda GX160, injini utakayoikuta kwenye pampu na jenereta nyingi, hubeba takriban lita 0.6, gari dogo hubeba kama lita nne. Isitoshe injini hizi hupozwa kwa upepo, hazina rejeta, kwa hiyo hiyo oili kidogo inabeba pia sehemu ya joto. Ukiongeza mililita 100 juu ya oili chafu, ulichopata ni oili chafu iliyofika kwenye alama.

Kuhusu weusi, fundi ana nusu ya ukweli. Oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu imeundwa kuyashika masizi yasitulie kwenye chuma, na injini iliyotumika muda mrefu inaweza kuitia rangi oili mpya ndani ya saa chache tu. Kwa hiyo weusi peke yake haukuambii kitu, wala wa kukutisha wala wa kukutuliza. Kinachohesabiwa ni saa za kazi. Kwa GX160 mtengenezaji anasema badilisha mara ya kwanza baada ya mwezi mmoja au saa 20, kisha kila miezi 6 au saa 100, lolote linalotangulia. Injini nyingi za Briggs & Stratton za mashine za nyasi huanzia saa 5 za mwanzo, halafu kila saa 50 au mara moja kwa mwaka. Ile ya kwanza usiikwepe kabisa, maana injini mpya ndiyo inayojisugua zaidi.

Fanya hesabu ya jenereta yako. Ikiwaka saa 6 kila usiku, saa 100 zinatimia kabla ya siku 17 kwisha. Yaani hii ni kazi ya kila nusu mwezi, mtu anaifanya amechoka, gizani, akiwa na nguo asizotaka zichafuke. Ndiyo maana siichukulii hamu yako ya kurahisisha kama uvivu. Nimefungua injini nyingi zilizojiua kwa kukosa oili safi, na wenye injini hizo karibu wote walijua wanachotakiwa kufanya. Iliwashinda nati.

Basi kabla hujanunua chochote, zunguka upande wa pili wa injini. Nasema kweli. Injini za muundo wa GX, pamoja na nakala zake zisizo na idadi, zina vifuniko viwili vya kujazia oili na nati mbili za kumwagia, moja kila upande. Mtu huonyeshwa moja siku ya kwanza, basi anaishi nayo miaka yote huku ile nyingine ikiwa imeangalia uwazi. (Tunaiita nati kwa mazoea, ni bolti.) Ipapase kwa kidole chini kabisa ya bodi ya injini, usitegemee macho tu, maana mara nyingi imefunikwa na vumbi lililogandamana na oili. Na ukifungua, hakikisha ni ya injini. Pampu au mashine yenye gia ya kupunguza kasi inaweza kuwa na oili yake nyingine kwenye boksi lake.

Kama nati zote mbili zinaangalia fremu, unahitaji mfereji. Ukitazama kwa makini utaona oili haidondoki pale inapotoka. Mwanzoni inatoka kwa nguvu, inaruka mbele na kupiga fremu. Mtiririko ukilegea, inajikunja na kuambaa kwenye bodi ya injini, inatafuta chuma kilicho karibu na kukifuata mpaka mwisho wake, na mwisho huo hauko juu ya beseni lako. Kwa hiyo hata ungeweka beseni pana namna gani, sehemu ya oili itaondoka kwa njia ya pembeni. Chukua chupa ya plastiki, ikate kwa urefu upate nusu ya bomba, ingiza ncha yake moja chini kabisa ya tundu ikigusa bodi, na ipitishe juu ya fremu hadi beseni. Kipande cha kopo la bati laini ni kizuri zaidi kwa sababu unaweza kukikunja kikafuata umbo la mahali. Kikishikilie kwa mkono mmoja wakati unatoa nati kwa mwingine. Mara ya kwanza utahisi mikono haitoshi. Mara ya tatu hutakumbuka ulikuwa na shida gani.

Halafu inua upande wa pili wa jenereta kwa kipande imara cha ubao, sentimita chache tu, ili oili ielekee tundu. Wengi huacha oili nyingi ndani kwa sababu injini imelalia upande mwingine.

Injini iwe vuguvugu. Iwashe dakika tano hivi, nje kwenye hewa, kamwe si ndani ya chumba wala gereji iliyofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa anadhani ana usingizi tu. Zima, subiri dakika chache, vua kofia ya plagi ili injini isije ikawaka kwa bahati mbaya, kisha fungua kifuniko cha kujazia ndipo utoe nati. Oili vuguvugu inatoka upesi na inaondoka na uchafu ukiwa bado unaelea. Iliyopoa inatoka kama uji na kuuacha uchafu umetulia chini. Lakini vuguvugu si moto. Ukitoka kuiendesha jenereta saa tatu na mzigo, ipumzishe kwanza, na ekzosi uikumbuke, kwa sababu iko karibu na mkono wako kuliko unavyodhani.

Kwa watu wengi mfereji na ubao vinatosha. Najua hukuja kuuliza chupa iliyokatwa, ulikuja na bomba la koki, basi tuliangalie.

Bomba la chuma silipendi, na sababu yangu ya kwanza ni aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kulifunga kwenye pampu yangu ya maji: kipande cha urefu wa kiganja, elbo, na koki ya shaba mwishoni. Nilifurahi wiki kadhaa. Asubuhi moja nikakuta doa jeusi chini ya pampu. Nikafuta, nikawasha, nikainama na tochi. Pembeni mwa tundu kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kila mtetemo ulikuwa unausukumia tone. Hakuna aliyeigonga. Lilikuwa bomba tu, likiwa na koki nzito kwenye ncha, likitikiswa mara elfu kadhaa kwa dakika. Injini ya silinda moja haina pistoni ya pili ya kusawazisha mitikisiko yake, na bodi yake ni alumini. Kitu kirefu, kigumu na kizito mwishoni kinafanya kazi ya mtaimbo: kinaing'oa bodi kidogo kidogo. Hapo sijataja mguu wa mtu kuligonga, au jenereta kushushwa kutoka garini ikatua juu yake.

Sababu ya pili haionekani kwa macho mpaka uelekezwe. Mabomba ya maji na viungo vyake vingi vina meno yenye mteremko, mwanzo wake mwembamba na kadiri unavyokaza yananenepa na kujibana. Ndivyo yanavyozuia maji. Tundu la oili la injini kwa kawaida lina meno yaliyonyooka, na kinachoziba ni ile washa chini ya kichwa cha bolti. Ukiingiza kiungo chenye mteremko kwenye tundu lililonyooka, kitashika, kitakaza, utaona kimekaa vizuri kabisa, kumbe unapigilia kabari ndani ya alumini. Ama meno yanakatika, ama bodi inapasuka. Tepu nyeupe ya mafundi bomba haitibu hilo. Inaficha tu kwamba viungo haviendani, na vipande vyake vikikatika vinaingia ndani.

Kinachofaa ni bomba laini la mpira. Unatafuta kiungo kifupi chenye meno yanayolingana hasa na bolti yako, chenye bega la kukalia washa, na upande wa pili chuchu ya kuvalisha mpira. Usikisie ukubwa, nenda na bolti yenyewe mfukoni, na jaribu kiungo kwenye nati ya dukani inayoikubali bolti hiyo kabla ya kukijaribu kwenye injini. Mpira uwe wa kuhimili oili na joto, ule wenye nyuzi ndani, si mpira wa maji ya bustani ambao utalainika na kuvimba. Ubane kwa klipu. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoacha kazi nusu, funga ncha yake kwenye fremu kwa klipu iliyolala vizuri, mbali na ekzosi, mahali mguu haufiki. Kwa jenereta iliyokaa juu ya miguu ya mpira, acha mpira uwe na kilegevu kidogo, kwa sababu injini inacheza na fremu haichezi.

Ncha hiyo iishie na nini? Mimi huweka kizibo cha kukaza kwa spana. Ukipenda koki, chagua ile ambayo ni lazima uibonyeze au uinue kitasa kwanza ndipo izunguke, na bado uweke kizibo mbele yake. Koki ya kawaida ya mpini, iliyoelekezwa nje, inaweza kufunguka kwa mtikisiko, kwa gunia lililoburutwa au kwa mtoto mwenye udadisi. Kumbuka una lita 0.6 tu. Jenereta nyingi zina sensa inayozima injini oili ikishuka, na ni msaada mkubwa, lakini si kila injini inayo, na mimi nisingeifanya sensa kuwa ndiyo kinga yangu pekee dhidi ya koki ya bei ya chini. Baada ya kufunga, iendeshe dakika kumi, zima, pitisha karatasi nyeupe kwenye kila kiungo. Rudia kesho yake. Karatasi haidanganyi kama macho.

Ukining'iniza ncha ya mpira juu ya usawa wa oili wakati injini inafanya kazi, na kuishusha ukitaka kumwaga, umeongeza usalama wa bure: hata kizibo kikilegea oili haitoki yote. Oili kidogo ya zamani itabaki kwenye mpira kila mara. Haina neno kama mpira ni mfupi.

Sirinji ya rafiki yako si mzaha. Kwa mashine yako ya nyasi huenda ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu kwenye mashine hizo nati, kama ipo, mara nyingi iko chini ya sahani karibu na kisu, na baadhi hazikupewa nati kabisa. Unachohitaji ni sirinji kubwa, au kile kipampu cha mkono chenye chupa, pamoja na mpira mwembamba mgumu kidogo unaofika chini. Injini iwe vuguvugu, mashine iinamie upande wa tundu la kijiti, na ncha ya mpira ikatwe mshazari ili isijinyonye kwenye sakafu ya sampu, lile bakuli la chini la injini oili inapotuama. Vuta, sogeza mpira, vuta tena pembeni. Na tafadhali usivute kwa mdomo, hata kama umeshavuta petroli namna hiyo ukapona.

Udhaifu wake ni kwamba haimalizi. Ndiyo sababu nasisitiza kupima ulichotoa. Injini ikibeba mililita 600 na ukavuta 500, sehemu moja ya sita imebaki, na ndani ya hiyo ndimo ulimo uchafu mzito, maana chuma kinatulia chini. Je, ni vibaya? Ukilinganisha na kutobadilisha kabisa, hapana. Mtu anayevuta kwa wakati kila mara ana injini safi kuliko anayemwaga vizuri mara moja kwa miaka miwili. Ila mara moja moja, tuseme kila mara ya tatu, mwaga yote kwa nati au kwa kuinamisha.

Na kuinamisha kuna ubavu wake. Kwanza petroli iwe karibu kuisha kwenye tangi, la sivyo itatoka kwenye kifuniko. Vua kofia ya plagi, hilo halina mjadala, kwa sababu unakwenda kushika mashine yenye kisu. Kisha laza mashine upande ambao kabureta na chujio la hewa vinabaki juu. Ukikosea ubavu, oili inapita kwenye njia ya kupumulia ya injini na kulowesha chujio, au inaingia silindani. Ukija kuwasha, kamba inagoma kama imefungwa kwenye mti, au injini inawaka na kutoa wingu jeupe linalotisha mtaa mzima. Ikitokea, usiivute kamba kwa hasira. Toa plagi, weka kitambaa juu ya tundu, vuta kamba taratibu mara kadhaa oili itoke, badilisha chujio la karatasi, na subiri moshi uishe wenyewe.

Pampu yako sina la kusema sana. Fungua mipira yake ya maji, ipandishe juu ya meza imara nati ikichungulia ukingoni, beseni chini. Kitu chenye uzito wa kubebeka na watu wawili hakina haja ya mabomba.

Kurudisha oili nako kuna makosa yake, na kubwa ni ukarimu. Oili ikizidi, kijiko kinaipiga ikawa povu, inasukumwa kwenye chujio la hewa, inavuja kwenye sili. Chukua chupa, ipime, weka alama ya ujazo wa injini yako kwa kalamu isiyofutika, na uitumie hiyo kila siku. Mimina kidogo pungufu, subiri, pima, kisha malizia. Injini iwe imekaa sawasawa. Ule ubao ulioutumia kuinamisha uutoe kwanza, usicheke, nimewahi kuusahau. Kupima nako kunatofautiana: kwenye GX kijiti unakiingiza bila kukizungusha, na oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia; kwenye nyingi za Briggs & Stratton unakikaza kwanza ndipo ukitoe kusoma. Ukichanganya taratibu hizi mbili utajaza pungufu au kupita kiasi huku ukiamini umefuata alama. Kitabu cha mashine kina ukurasa mmoja wa jambo hilo, usome huo hata kama hutasoma mwingine.

Aina ya oili? 10W-30 ya injini za mipigo minne inafaa nyingi kati ya hizi, na mahali pa joto SAE 30 ni chaguo la kawaida, hasa kwa mashine za nyasi zinazopozwa na upepo. Ile oili ya kuchanganya na petroli ni ya injini za mipigo miwili, ambazo hazina sampu ya kumwaga. Usiiazime hapa.

Kama jenereta ikikataa kuwaka baada ya kazi yote hiyo, usianze kufungua kabureta. Angalia usawa wa oili na usawa wa sakafu, maana sensa inazuia cheche pale inapodhani oili haitoshi, na kuinama kidogo tu kunaweza kuidanganya.

Nati ya kumwagia uirudishe kwa vidole kwanza, mizunguko yote, mpaka iguse. Ikigoma kwa vidole haijakaa njia yake. Itoe uanze upya, usiisaidie kwa spana. Weka washa mpya, ile ya zamani imeshabonyea. Kisha kaza kwa spana fupi ukiwa umeishika karibu na kichwa cha bolti. Watu wanakaza kwa kuogopa uvujaji, kumbe kinachozuia uvujaji ni washa. Nguvu za ziada zinaishia kwenye meno ya alumini.

Meno yakishakatika, hapo ndipo mikono yako ipumzike. Fundi mwenye vifaa atapanua tundu na kuweka pete ya chuma yenye meno mapya. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inadumu, ikifanywa kwa gundi inakurudisha kwake na bodi nzima. Mpelekee pia injini kama oili inatoka na harufu kali ya petroli au usawa wake unapanda badala ya kushuka. Hiyo ni sindano ya kabureta inayovujisha petroli hadi ndani ya sampu. Usiiwashe tena, hata kwa dakika moja, mpaka itengenezwe, kwa sababu unachorusha kwenye beringi si oili tena. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Unga mwembamba unaometa kwenye oili ya kwanza ya injini mpya ni wa kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvihesabu, kwenye injini iliyokwisha kufanya kazi, vinatoka mahali fulani, napo patafutwe kabla hapajajitangaza penyewe. Na ukiona ufa pale kwenye tundu, simama hapo hapo.

Oili uliyotoa iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji wanakokusanya, si mtaroni wala shimoni. Inapenya hadi kwenye maji ya kunywa. Vaa glavu, maana oili iliyotumika ikigusa ngozi kila mara kwa miaka si rafiki.

Nikirudi kwako: kwa jenereta ningejaribu mfereji na ubao mara mbili, na kama bado inaudhi, ningefunga mpira mfupi wenye kizibo. Mashine ya nyasi ningeivuta kwa sirinji. Ila kabla ya mpira wowote, ile miguu ya jenereta iliyokwisha kunywa oili mara nyingi hivyo, ioshe kwa sabuni na uibonyeze kwa kidole gumba. Ikiwa imevimba na kulainika kama mkate uliolowa, ibadilishe kwanza. Miguu ikishachoka jenereta inatikisika zaidi, na mtikisiko huo ndio utakaokuja kulegeza kiungo utakachofunga.